Pimamaji Yenye Viputo Viwili

Kambini, 2 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Shikamoo ya Mama mpelekee hata kama amelala, maana najua atauliza kama nimemkumbuka. Mpwa wangu mwambie asome. Mimi mzima, nimechoka tu, uchovu wa kila siku wa mtu anayepanga tofali kutwa.

Usishangae kuona karatasi. Simu yangu nimeizika. Tulikuwa tunamwaga zege la ghorofa ya pili, nikainama kusawazisha, ikachomoka mfukoni ikazama. Nilimwambia msimamizi asimamishe mashine, akanitazama kama nimemwambia asimamishe mvua. Sasa imo ndani ya jengo, na wanafunzi watakaolala humu wataikanyaga miaka mia. Ninayelala naye chumba kimoja, yule tunayemwita Kimya kwa sababu hanyamazi, anaapa kwamba kesho yake asubuhi aliisikia kengele ya simu ikilia chini ya miguu yake.

Hata ningekuwa nayo isingenisaidia, huku bondeni mtandao haufiki. Kwa hiyo nitakuandikia, na dereva wa lori la simenti atakuletea barua, kwa kuwa bohari yao iko huko kwenu mjini. Nilipoacha shule darasa la tano wewe ndiye uliyemalizia kunifundisha kuandika kwenye meza ya jikoni, basi uvumilie mwandiko wa mwanafunzi wako.

Hapa wamenipa jina, wananiita Pimamaji. Siku ya tatu nilimwambia msimamizi ukuta wa ngazi umeinama. Akacheka, akaleta pimamaji yenyewe, akaiweka, kiputo kikakimbilia pembeni. Akaacha kucheka. Tangu hapo watu wakibishana juu ya ukuta wanasema, “Mwiteni Pimamaji aje na macho yake.”

Sasa nisikilize. Chumba chako cha cherehani nitakuja kukijenga mwenyewe mwezi wa tano. Msingi niliouacha usiguswe na mtu. Mafundi wa mtaa huo nawajua, ukuta wao ukiuegemea na wenyewe unakuegemea.

Nina mafua kidogo, vumbi tu hili. Tumepata mpishi mpya, mwanamke mmoja mwenye maneno machache, anapika maharage hayana hata jiwe moja.

Ndugu yako

*

Nyumbani, 11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama naye anasema marahaba, na anauliza nani amekuambia kwamba yeye hulala. Amegombana na jirani kwa ajili ya jogoo aliyeingia ndani akajilaza juu ya kitambaa cha mteja. Jogoo ameshinda. Mpwa wako amepewa miwani ya kusomea, basi humu ndani sasa tunaishi na profesa, anatutazama juu ya vioo kama tumechelewa darasani.

Simu umeizika mahali pazuri. Angalau hutaipoteza tena.

Ulichosema kuhusu chumba nimekisikia. Msingi upo pale pale ulipouacha, usiwe na wasiwasi nao.

Mafua uyaangalie. Funika pua unapochanganya simenti. Najua hutafunika, naandika tu ili nisije kusema sikukuambia.

Halafu huyo mpishi. Mimi dada yako umenipa neno moja la salamu, yeye umempa mstari mzima pamoja na maharage yake. Sisemi kitu. Nimehesabu maneno tu.

Dada yako

*

Kambini, 24 Februari

Dada,

Shikamoo, wewe na Mama. Mwambieni jogoo nitakuja mwezi wa tano.

Kuhusu mpishi hakuna habari. Anapika, tunakula.

Mafua yaliniacha siku nne nzima, nikapiga kazi kama kijana, kisha yakarudi na hasira. Upande wa kulia wa pua umeziba, ninachopenga ni kizito, cha manjano, kinanuka hata mimi mwenyewe nasogea pembeni. Nikiinama kuchota udongo wa kujengea, uso unajaa kama ndoo. Meno ya juu upande huohuo yananiuma yote kwa pamoja, kama yamefanya kikao. Kimya aliniletea koleo la kukatia waya, akasema, “Fungua mdomo, chagua lolote.” Nikamwambia nikishindwa kuchagua nitamwita.

Alinipa pia vidonge vinne vilivyobaki alipokuwa na jipu mwaka jana. Nimevimeza, nikapata nafuu siku moja. Mpishi alipojua aligomba. Alisema dawa za jipu la mtu mwingine, tena zilizobaki, si chakula cha kugawana. Kisha akaniwekea sufuria la maji ya moto nijifukize. Sikusikia harufu ya mvuke, wala ya maharage. Nimeyala kwa imani.

Msimamizi ameleta pimamaji mpya ya chuma, ndefu, inang'aa. Kila mtu anaitaka. Amenipa mimi.

Chumba vipi? Umejibu kama wakili. Nauliza kama kuna mtu ameugusa ule msingi.

Ndugu yako

*

Nyumbani, 3 Machi

Mdogo wangu,

Nina haraka, nimepata kazi ya sare za wauguzi wote wa kituo cha afya, na cherehani haijapoa tangu Jumatatu. Mama hajambo. Anasema meno yasiguswe na koleo la waya. Na mimi naona hivyohivyo.

Nenda kwa daktari. Mafua ya mwezi mzima siyo mafua tena, ni mpangaji.

Chumba kinakusubiri wewe.

Dada yako

*

Kambini, 9 Machi

Dada,

Shikamoo. Mama shikamoo. Leo nina shida moja tu, nayo ni ya vifaa. Uniazimie masikio.

Ile pimamaji mpya ni mbovu. Unajua ndani ya kile kioo huwa kuna kiputo kimoja cha hewa, kikikaa katikati ya mistari basi ukuta uko sawa. Hii ina viputo viwili. Kimoja kiko katikati, kingine kimepanda juu yake kwa mshazari. Niite nani nimwulize nifuate kipi? Nilimwonyesha Kimya, akasema anaona kimoja. Nikamwambia ndiyo maana hakupewa yeye.

Nimeichunguza vizuri, si unanijua. Nikifumba jicho la kulia, kiputo kinarudi kuwa kimoja. Nikifumba la kushoto, pia kimoja. Nikiyafungua yote, viwili. Maana yake kioo chake kimewekwa vibaya, hakikutengenezwa kutazamwa na macho mawili. Wachina, Wajerumani, sijui nani, hawakufikiria mtu mwenye macho mawili. Bahati nzuri sisi mafundi huulenga uzi wa kunyooshea ukuta kwa jicho moja, kwa hiyo nafanya kazi nimefumba moja kutwa na hakuna aliyegundua. Ila jana hata uzi wenyewe ulikuwa nyuzi mbili. Uzi nao ni mpya.

Tafadhali ninunulie pimamaji nyingine hapo dukani, ya mbao, ile ya zamani, umpe dereva.

Mafua yapo. Kope la kulia limevimba kidogo, nadhani ni mbu. Kimya anasema ni ngumi ya mpishi. Mpishi hakucheka.

Ndugu yako

*

Kambini, 13 Machi

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kitandani, mchana, jambo ambalo hujawahi kuliona.

Wameubomoa ukuta wangu. Kozi nne, yaani mistari minne ya tofali, za chumba cha kona. Msimamizi aliteremsha timazi, ule uzi wenye risasi mwishoni, akawaita wengine, wakanyamaza wote, hata Kimya. Kisha akasema taratibu, “Pimamaji, kapumzike.” Angenitukana ningefurahi.

Jicho limefunga sasa. Mbu gani huyu. Nikilifungua kwa vidole na kuligeuza pembeni linauma kwa ndani kabisa, na bendera nyekundu ya kwenye tangi la maji naiona kama imefuliwa mara nyingi. Kipaji cha uso kimeota kitu laini juu ya nyusi, ukibonyeza panabonyea kama udongo mbichi. Homa inapanda na kushuka. Asubuhi nimetapika chai.

Simwambii Mpishi kuhusu kutapika. Tayari ananitazama vibaya. Leo ameacha sufuria jikoni akaja kukaa mlangoni akimenya vitunguu hapa, anasema jikoni kuna moshi. Vitunguu vyenyewe kilo kumi

nitamalizia baadaye, mistari ya karatasi inapishana

*

Nyumbani, 14 Machi

Mdogo wangu,

Salamu baadaye. Soma hii umesimama, na ukiwa huwezi kusimama asome Mpishi kwa sauti.

Barua yako ya tarehe tisa imefika jana. Nimecheka mpaka Mama akaja kuniuliza. Leo asubuhi nikaenda dukani kukutafutia pimamaji, nikamweleza mwenye duka habari ya viputo viwili, akasema ameuza pimamaji miaka ishirini na hajawahi kuona hiyo. Nikarudi nikicheka bado. Nyumbani nikamkuta muuguzi mkuu wa kituo amekuja kupima sare. Nikampandisha juu ya kigoda, nikaanza kumbana pini kiunoni, na nikasema ngoja nikuchekeshe. Nikamsomea.

Nilipofika “Nikifumba jicho la kulia, kiputo kinarudi kuwa kimoja” hakucheka. Akasema, “Rudia hapo.” Nikarudia. Akasema, “Ana mafua?” Nikasema tangu Februari. Akasema, “Yalipungua kisha yakarudi?” Nikamwuliza amejuaje. Akashuka kigodani na pini zake zote kiunoni, akaipokea barua akasoma mwenyewe mpaka kwenye kope.

Akaniambia hivi, na nimeandika kila neno. Kwamba ndani ya mifupa ya uso, kuzunguka pua na juu ya macho, kuna vyumba vya hewa. Mafua yakiviziba hujaa usaha, uso ukauma, meno yakauma. Watu wengi hupona tu bila tatizo, wengi mno, hata hawafiki hospitali. Lakini mara moja moja, hata kwa mtu mzima kama wewe, usaha huvuka ukuta wa chumba. Ukivuka kwenda upande wa jicho, kope huvimba, jicho huuma likigeuzwa na husukumwa mbele, na mtu huona vitu viwiliviwili, kwa sababu macho hayageuki pamoja tena. Rangi nazo hufifia, nyekundu ndiyo ya kwanza. Ukivuka kwenda mbele, kipaji cha uso huota uvimbe laini. Ukivuka kwenda nyuma ni kichwani, na hapo kichwa huuma kuliko maumivu yote uliyowahi kuyapata, shingo hukaza, mwanga huchoma, mtu hutapika, husinzia, huongea mambo yasiyoeleweka.

Nikamwuliza mwenye dalili ipi kati ya hizo ndiye wa kukimbizwa hospitali. Akasema, “Yeyote. Siku hiyohiyo, si kesho. Huyu ndugu yako kipimo chake si kibovu, ni jicho lake linalosukumwa. Na akicheleweshwa atalipoteza, au atapotea mwenyewe.”

Kisha akaenda zake na sare yenye pini. Ameahidi kupiga simu hospitali kubwa ya upande wa huko kwenu wajue kuna mtu anakuja.

Dereva anaondoka saa nane, naandika nikiwa nimeegemea boneti la lori. Nimemwambia asipakue hata mfuko mmoja wa simenti kabla hajakupakia wewe. Na Mpishi, kama ni wewe unayesoma: mimi hunijui, nami nakujua kwa maharage tu, lakini ndugu yangu huyu hajawahi kwenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe. Usimwulize. Mbebe.

Mdogo wangu, macho yako ndiyo mikono yako. Usinibishie leo tu. Leo tu, kisha utabisha maisha yako yote.

Dada yako

*

Hospitali, 29 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mwandiko huu mzuri si wangu, ni wa Mpishi. Daktari amenikataza kusoma na kuandika, kwa hiyo mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwomba aandike ninachosema tu.

(Naandika anachosema. Pengine naongeza. Shikamoo dada. Mpishi.)

Tuanze na salamu. Mama mwambie naendelea vizuri, na chakula cha hapa hakina chumvi wala adabu. Mpwa wangu mwambie miwani aiheshimu.

Dereva alifika tarehe kumi na tano asubuhi. Alifanya kama ulivyosema, akakaa juu ya mifuko yake akakataa kupakua. Msimamizi akaja mbio, “Mafua hayapelekwi hospitali kwa lori!” Mpishi akapanda juu ya pipa, akaisoma barua yako yote mbele ya kambi, kuanzia juu mpaka chini. Alipofika kwenye shingo kukaza, kila mtu akaanza kugeuza shingo yake. Alipofika kwenye macho yako ndiyo mikono yako, msimamizi akavua kofia, akaja kunishika miguu, Kimya akashika mabega, wakanibeba.

(Hakubebwa kimya. Alidai pimamaji yake wamletee. Njiani alimwita dereva kwa jina la marehemu baba yenu na akamwomba apunguze kokoto kwenye udongo. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mpishi.)

Hayo siyakumbuki, kwa hiyo hayakutokea.

Hapa walikuwa wananisubiri, muuguzi wako alipiga simu kweli. Wakanilaza kwenye mashine inayopiga picha ya kichwa vipande vipande kama mkate. Daktari ni mwanamke, mfupi, anasema mambo bila kuzunguka, nampenda. Alinionyesha picha. Dada, nimejenga maisha yangu yote, sijawahi kuona kitu kama kile. Kati ya chumba cha usaha na jicho kuna ukuta mwembamba kama ganda la yai. Ganda la yai! Simkosoi Mjenzi wetu, Yeye anajua mahesabu yake, lakini mimi nisingeuidhinisha. Usaha ulikuwa umeuvuka, umejikusanya nyuma ya ukuta, unalisukuma jicho kama kabati lililosukumwa kwenye mlango. Na mwingine ulianza kula mfupa wa kipaji cha uso.

Nikamwuliza je, kama usaha ungevuka na ukuta wa nyuma? Akasema, “Ungekuwa kwenye ubongo. Ulibakisha siku mbili, tatu.” Alisema kama mtu anayetaja ratiba ya basi.

Waliingia kupitia tundu za pua, usoni hawakukata kitu, wakafungua vile vyumba, usaha ukatoka. Walichotoa sitakueleza, Mpishi amekataa kuandika. Tangu hapo dawa inaingia kwa mshipa mchana kutwa. Homa imeondoka. Harufu imerudi, ya kwanza niliyoisikia ni dawa ya kusafishia sakafu, nikaipenda kama marashi.

Sasa lililobaki. Jicho linaona. Rangi nyekundu imerudi kuwa nyekundu. Ila bado vitu ni viwili. Daktari anasema msuli umeumia kwa kusukumwa, unaweza kurudi sawasawa, unaweza usirudi, wiki tatu nne ndiyo tutajua, na hawezi kuahidi. Nilimwambia haidhuru. Lakini nilipobaki peke yangu nilijiuliza, Pimamaji asiyeona sawa wanamwitaje? Msimamizi amenitumia salamu kwamba kazi yangu ya ukuta inanisubiri. Ametumia neno “inanisubiri”, nalijua neno hilo, na wewe umelitumia kwenye chumba.

Chumba vipi?

Barua ya tarehe kumi na tatu Mpishi aliikuta chini ya mto wangu, anaituma na hii. Usiisome mbele ya Mama.

(Amechoka, amelala katikati ya sentensi nyingine. Nimepewa ruhusa ya wiki mbili na msimamizi, Kimya ndiye anayepika kambini, watu wanaomba nirudi. Dada, hapotezi jicho hili mimi nikiwepo. Mpishi.)

*

Nyumbani, 7 Aprili

Mdogo wangu, na wewe Mpishi,

Marahaba wote wawili. Naona nimeanza kuwasalimu wote wawili, mkono umeandika wenyewe.

Barua ya tarehe kumi na tatu niliisoma mbele ya Mama kwa sababu alininyang'anya. Akasoma, akakunja, akaenda kwa jirani akapatana naye kuhusu jogoo. Kila mtu anashukuru kwa njia yake.

Sikukuambia, lakini zile siku nilizokuwa nasubiri dereva arudi nilishona mkono wa shati mahali pa kola. Mteja alilipima kwa heshima kabisa, akaniuliza kama ndiyo mtindo mpya. Muuguzi mkuu alirudi kuchukua sare yake. Nimemshonea bure na nimemwongezea mifuko. Anasema msimulieni kila mtu kwenye kambi yenu, ili siku nyingine fundi akiona viwili asiende kununua kifaa.

Kuhusu jicho, daktari amesema wiki nne, basi tusubiri wiki nne. Usijipime kila saa.

Nakutumia picha, mpwa wako ameipiga uani na tumeichapisha mjini. Huyo aliyenuna ni Mama. Aliyevaa gauni la bluu ni mimi. Mtutazame sisi, kuna vitu vingine huko nyuma lakini si vya kutazamwa.

Dada yako

*

Hospitali, 26 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Huu sasa ni mwandiko wangu, unauona unavyokwenda kombo, ni ule uleule wa meza ya jikoni.

Picha yenu ilipofika niliona Mama wawili. Mama mmoja ananitosha kabisa, wawili walionuna nikakaribia kuomba dawa ya usingizi. Nikaibandika ukutani mbele ya kitanda. Kila asubuhi nikiamka naitazama kwa macho yote mawili kabla ya chai. Najua ulisema nisijipime. Mpishi naye alisema. Nilijipima.

Wiki ya kwanza walisimama mbalimbali, kati yao ungepitisha toroli. Wiki ya pili ukapita mwiko wa kujengea tu. Daktari akinipima kwa kidole chake na tochi, mimi nilikuwa najua majibu tayari. Juzi bega la Mama mmoja lilikuwa linagusa la mwenzake. Jana walipandana, ila Mama alikuwa na ukungu pembeni kama mtu aliyechorwa kwa penseli mara mbili.

Leo asubuhi nimeamka, nikafungua macho, akawa mmoja. Nikafumba, nikafungua, mmoja. Amenuna vizuri kabisa. Nikampigia kelele Mpishi, ambaye alikuja siku ile kwa ruhusa ya wiki mbili na bado yupo, akaingia mbio na kikombe mkononi, nikamwambia kaa hapo nikutazame. Akakaa. Mmoja. Nikamwambia jambo ambalo sikuandikii, akanijibu jambo ambalo pia sikuandikii. Nitakuja naye mwezi wa tano, na kuhusu hilo sisemi zaidi.

Halafu nikarudi kwenye picha, nikiwa na furaha, natafuta tu kitu kingine cha kutazama. Nikapita bega lako la kulia.

Dada. Ule ukuta juu ya msingi wangu nani ameujenga?

Usiniambie ni kivuli. Usiniambie picha imepigwa kombo, kwa sababu nguzo ya kamba ya nguo iliyo pembeni nimeisimika mimi mwenyewe, na imesimama wima. Mpaka kozi ya sita huyo mtu alijitahidi. Kuanzia ya saba alichoka au aliitwa kula, na ukuta umekwenda kushoto. Vidole viwili. Si kimoja na nusu, viwili. Daktari alikuwa anapita, nikamwonyesha, akaitazama muda mrefu akasema yeye anaona ukuta tu. Nikamwambia ndiyo maana hukupewa pimamaji. Akaandika kwenye karatasi yangu kwamba niruhusiwe Alhamisi.

Nijibu.

Ndugu yako

*

Nyumbani, 30 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nilipoisoma nilikimbia nikaitafuta timazi ya zamani ya Baba, nikapanda kwenye kigoda, nikaining'iniza juu ya ukuta mpaka ikatulia. Mama akashika taa, mpwa wako akapima kwa vidole na miwani yake.

Viwili.

Nilikaa chini ya ukuta ule mbovu nikacheka na kulia, hata mtu aliyeujenga, jirani yule mwenye jogoo, akaja kuniuliza kama nimefurahishwa na kazi yake. Nikamwambia sijawahi kuufurahia ukuta namna hii.

Njoo na Mpishi. Njoo na nyundo. Nitakushikia uzi mwenyewe.

Dada yako